Mama wa Luhansk na daraja la mbao: pensheni ilipogeuzwa cheti cha ukimbizi

Ni majira ya baridi. Saa kumi alfajiri, giza totoro, na foleni imeshaanza. Wengi walio kwenye foleni ni wanawake waliopita miaka sitini, wamejifunga vitambaa kichwani, kila mmoja na begi lake la magurudumu. Ndani ya begi mna chupa ya chai, mkate, dawa ya shinikizo la damu, na bahasha ya plastiki yenye karatasi zote za maisha yao. Geti litafunguliwa saa mbili asubuhi. Ng'ambo ya mto kuna dirisha la benki, na nyuma ya dirisha hilo kuna pensheni.

Mama ninayemfuatilia katika kisa hiki simpi jina, kwa sababu si mtu mmoja. Safari yake ndiyo waliyoifanya wastaafu laki kadhaa wa mashariki ya Ukraine kwa zaidi ya miaka mitano, na hatua zake ziliandikwa na waangalizi waliosimama pale mtoni. Nimchukue awe mwalimu mstaafu wa mji wa Luhansk. Angeweza kuwa muuguzi, au mjane wa mchimba makaa ya mawe.

Luhansk ulitoka mikononi mwa serikali ya Ukraine iliyoko Kyiv mwaka 2014, ukashikwa na wapiganaji waliojitenga kwa msaada wa Urusi. Mwendo mfupi wa gari kaskazini-mashariki yake, ng'ambo ya mto Siverskyi Donets, upo mji mdogo wa Stanytsia Luhanska ambao ulibaki upande wa serikali. Daraja lililo kati ya miji hiyo liliharibiwa vitani mwaka 2015. Palipokatika pakawekwa ngazi na njia za mbao, zenye mteremko mkali, zinazoteleza mvua au theluji inaponyesha. Magari hayakupita. Na kwa muda wote huo, mkoa mzima wa Luhansk haukuwa na njia nyingine iliyofunguliwa ya kuvuka kwenda upande wa pili. Anayetaka kuvuka, avuke kwa miguu, hapo hapo.

Vijana walikuwa wakijipatia riziki kwa kuvuta wazee na mizigo yao kwenye mikokoteni. Mashirika ya misaada yalileta viti vya magurudumu. Hata hivyo walikuwepo waliofia kwenye foleni ile, wengi kwa moyo kushindwa. Mtu mwenye miaka sabini na kitu, amesimama kwa muda wa saa nne au tano kwenye jua kali la Julai au baridi ya Januari, hajala vizuri, amebana mkojo kwa sababu choo kiko mbali na akiondoka atapoteza nafasi. Hakuhitaji kupigwa bomu ili afe.

Kwa nini basi asibaki nyumbani?

Jibu liko kwenye maamuzi ya Novemba 2014. Mwezi huo Baraza la Mawaziri la Ukraine lilitoa amri mbili ndani ya siku chache. Ya kwanza, namba 637, ilisema pensheni na malipo mengine ya jamii kwa watu waliotoka maeneo ya vita yatalipwa pale walikoandikishwa kama wakimbizi wa ndani. Ya pili, namba 595, ilisimamisha fedha za serikali kwenda maeneo ambayo Kyiv haiyamiliki tena. Benki za Ukraine nazo zilifunga milango huko. Ukiziweka amri hizi mbili pamoja, maana yake ni hii: mstaafu wa Luhansk alibaki na haki yake kwenye karatasi, lakini ili ashike hela mkononi ilimpasa awe mkimbizi.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana kisa chote kimejikunja ndani ya sharti hilo.

Pensheni ya Ukraine ni ya kuchangia. Anayefanya kazi leo ndiye anayemlisha aliyestaafu jana, na mwajiri hukatwa mchango juu ya mshahara (tangu 2016 ni asilimia 22). Mwalimu wetu alifanya kazi miaka thelathini na kitu. Michango ya kazi yake ililipa wazee wa wakati wake, nao wakala, wakazikwa kwa heshima. Serikali ikaandika kumbukumbu: huyu tunamdai utumishi, naye atatudai uzee. Basi pensheni ile ni deni. Mkimbizi anapewa msaada kwa sababu amepoteza makazi, na ni haki apewe. Lakini mama huyu hakuwa anaomba msaada. Alikuwa mdai aliyekwenda kuchukua chake, akaambiwa kwanza awe mhitaji.

Na hakuwa mkimbizi. Alikuwa na nyumba yake, na bustani ya viazi nyuma ya nyumba, na kaburi la mume wake, na dada mgonjwa asiyeweza kuachwa. Kupanga chumba upande wa serikali kwa pensheni ya kima cha chini kusingewezekana. Kima hicho kilikuwa hryvnia (fedha ya Ukraine) 949 mwaka 2014. Mwanzoni mwa mwaka huo dola moja ilikuwa kama hryvnia 8, kwa hiyo alikuwa akipata takriban dola 118. Septemba 2015 kikapandishwa hadi 1,074, lakini mwisho wa mwaka huo dola ilikuwa imefika hryvnia 24 hivi, na fedha ile ile ikawa kama dola 45. Mwenye dola 45 kwa mwezi hahami. Anabaki alipo, analima, anasindika nyanya na matango kwenye mitungi ya kioo, na anapunguza vidonge vya dawa ili vifike mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo akafanya walichofanya wenzake wote. Alivuka, akaandikisha anwani ya ndugu au jamaa upande wa pili, akapewa cheti cha mkimbizi wa ndani, akafungua akaunti katika benki ya serikali, Oschadbank, kisha akarudi nyumbani kwake. Kuanzia siku ile kila alichosaini kilikuwa na uongo mmoja ndani yake, kwamba anaishi mahali asipoishi. Mwalimu aliyekaa darasani miaka thelathini akiwafundisha watoto wasidanganye alilazimishwa kudanganya akiwa na miaka sabini, na aliyemlazimisha ni serikali iliyokuwa ikidaiwa naye.

Uongo ukishawekwa, lazima ulindwe. Ikaja kanuni ya siku 60: mwenye cheti akikaa nje ya eneo la serikali zaidi ya siku hizo, malipo yasimame. Ina maana mama alipaswa kuvuka angalau mara sita kwa mwaka ili tu asionekane ametoweka. Juu ya hapo ikawekwa kanuni ya kufika benki ana kwa ana kuthibitisha kwamba yu hai na ni yeye. Wastaafu wa kwetu wanaujua uhakiki, wanajua adha ya kupanga foleni ukiwa na fimbo mkononi ili kumwonyesha karani kwamba bado unapumua. Wajaribu kuufikiria uhakiki ambao njia ya kuuendea ina vizuizi vya majeshi mawili, na pembeni ya barabara kuna vibao vyekundu vya kuonya kuhusu mabomu ya ardhini.

Tangu Januari 2015 ilihitajika pia kibali maalumu cha kuvuka. Jina likikosewa herufi moja, au likitoka kwenye mfumo, mtu anarudishwa kutoka getini. Kisha mwaka 2016 amri namba 365 ikaongeza ukaguzi wa majumbani: ofisa wa ustawi wa jamii anakwenda kwenye anwani iliyoandikishwa kuangalia kama mkimbizi yupo. Hakumkuta? Malipo yanasimama. Mwanzoni mwa mwaka huo huo malipo ya watu laki kadhaa yalisimamishwa kwa kufuata orodha zilizotoka idara ya usalama, na wengi waligundua wakiwa wameshafika dirishani, baada ya safari nzima. Walirudi na mabegi matupu kupitia njia ile ile ya mbao.

Takwimu za Umoja wa Mataifa zinaonyesha ukubwa wa jambo hili. Agosti 2014 walikuwepo wastaafu wapatao 1,278,000 wenye makazi katika maeneo yaliyotoka mikononi mwa Kyiv. Kufikia Desemba 2018 waliokuwa wakipokea pensheni walikuwa 562,000 hivi. Tofauti ni watu zaidi ya laki saba. Baadhi walikufa, baadhi walihama. Lakini kundi kubwa ni wale walioshindwa safari: waliolala kitandani, wasioona, waliokatwa mguu kwa kisukari, wasio na ndugu wa kuwapa anwani. Kanuni ile iliwachuja wazee kwa nguvu za miguu yao. Mwenye afya zaidi ndiye aliyelipwa, na aliyekuwa na haja kubwa zaidi ndiye aliyenyimwa. Sijapata kuona utaratibu wa hifadhi ya jamii uliokwenda kinyume na shabaha yake namna hii.

Upande wa pili wa mto nao ulikuwa na mambo yake. Watawala waliojitenga wa Luhansk na wa jirani yake Donetsk walianza kulipa pensheni zao kwa rubo, fedha ya Urusi, mwaka 2015. Zilikuwa ndogo, lakini zililetwa karibu na nyumba. Ndipo wazee wengi wakawa wanakula kwa mikono miwili, rubo za hapa na hryvnia za kule, na Kyiv likazaliwa neno la kuwadharau, "utalii wa pensheni". Nimelifikiria sana neno hilo. Mtalii huenda kustarehe. Bibi aliyeamka saa nane usiku, akavutwa kwenye mkokoteni juu ya mbao zenye barafu ili apokee dola hamsini zake, hastahili kuitwa hivyo na mtu yeyote anayelala kwenye kitanda cha joto.

Hata hivyo serikali ilikuwa na hoja zake, na si haki kuzipita kana kwamba ni upuuzi. Ilikuwa vitani. Haikuwa na ofisi wala benki wala polisi ng'ambo ya mto, na gari la fedha lingeingia huko lingeweza kuporwa na watu wenye bunduki. Faili za wastaafu zilibaki mikononi mwa adui. Udanganyifu ulikuwepo: kadi za marehemu zilizoendelea kutolewa hela, na madalali waliowaandikisha wazee kwa ada. Na hazina ilikuwa imekauka. Haya yote ni kweli, na yanatosha kueleza kwa nini serikali haikupeleka fedha Luhansk. Lakini hayaelezi kwa nini mama akishafika mwenyewe upande wa serikali, na kitambulisho chake mkononi, bado alihitaji kuwa mkimbizi ili alipwe. Uhakiki wa uhai na uhakiki wa makazi ni vitu viwili. Wa kwanza unazuia wizi. Wa pili ulizuia haki, na ulipunguza mzigo wa bajeti kwa njia ambayo hakuna waziri aliyelazimika kuisimamia bungeni.

Mahakama iliona hivyo pia. Mei 3, 2018, Mahakama ya Juu ya Ukraine iliamua shauri la mfano, yaani shauri moja linaloteuliwa ili hukumu yake iongoze mengine yote yanayofanana nalo. Mlalamikaji alikuwa mstaafu mwenye cheti cha mkimbizi wa ndani ambaye ofisi ya Mfuko wa Pensheni mkoani Donetsk ilikuwa imemkatia malipo. Hoja iliyoshinda ni rahisi kiasi kwamba mtu hujiuliza kwa nini ilichukua miaka mitatu na nusu. Sheria ya bima ya pensheni inataja sababu za kusimamisha malipo, nazo zinahesabika. Kutokuwa na cheti cha ukimbizi si mojawapo. Bunge ndilo linaloweza kuongeza sababu, kwa kutunga sheria. Baraza la Mawaziri haliwezi kuiongeza kwa amri. Septemba 4 mwaka huo jopo kuu la mahakama hiyo likaithibitisha hukumu.

Kabla ya hapo palikuwa na kielelezo kingine ambacho serikali ilikuwa ikikijua vizuri. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Ukraine ilisema kwamba raia aliyehamia nje ya nchi hawezi kunyimwa pensheni kwa sababu ya mahali anapoishi. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika shauri la Pichkur dhidi ya Ukraine, ikasema vivyo hivyo kuhusu mstaafu aliyehamia Ujerumani. Weka hukumu hizo kando ya kanuni za 2014 uone: aliyehama akaenda Berlin ana haki ya pensheni yake, na aliyebaki kwenye nyumba aliyozaliwa, ndani ya mipaka ambayo Ukraine yenyewe inasisitiza ni yake, hana mpaka ajifanye amehama.

Mtu angetarajia kwamba baada ya 2018 daraja lingebaki la watu wanaokwenda kuwaona wajukuu. Haikuwa hivyo. Hukumu ya mfano ilimsaidia aliyekwenda mahakamani. Aliyebaki nyumbani hakuletewa chochote, na anayekwenda mahakamani sharti avuke, apate wakili, asubiri. Mashirika ya kutoa msaada wa sheria yalibeba mashauri mmoja mmoja. Na hata walioshinda walikumbana na ukuta mwingine. Aprili 2018 serikali ilikuwa imeamua kwamba malipo ya mwezi unaoendelea yatarudishwa, lakini malimbikizo ya nyuma yatalipwa "kwa utaratibu tofauti" utakaowekwa na Baraza la Mawaziri. Miaka ikapita kabla utaratibu huo haujawekwa. Nina heshima kwa majaji wale, lakini kwa mstaafu wa miaka 78 malimbikizo yasiyo na tarehe ni sawa na hukumu ya kungoja afe.

Novemba 2019 daraja lilitengenezwa. Majeshi yalikuwa yamerudi nyuma kidogo pande zote mbili katikati ya mwaka huo, mbao zikaondolewa, likawekwa daraja imara, na rais Volodymyr Zelensky akafika kulifungua. Usafiri wa bure wa kuwabeba wazee na walemavu ukaanza. Kwa watu waliokuwa wakivuka, wapatao elfu kumi kwa siku, hii ilikuwa faraja ya kweli, tena niisifu bila kusita. Mwaka ule vivuko vyote vya mstari wa mashariki vilihesabu safari zaidi ya milioni 13, na zaidi ya nusu ya wasafiri walikuwa wazee. Umoja wa Mataifa ulisema hakuna penginepo duniani penye dharura ya kibinadamu ambako wazee walikuwa sehemu kubwa kiasi hicho ya wahitaji.

Miezi minne baadaye korona ikafunga kila kitu.

Machi 2020 vivuko vilifungwa na pande zote mbili. Vilipofunguliwa Juni vilikuwa viwili tu, na idadi ya wavukaji ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Hapo ndipo serikali ilifanya jambo ambalo wastaafu walikuwa wakiliomba kwa miaka: ilisimamisha kwa muda sharti la siku 60 na la kufika benki ana kwa ana. Pensheni ikaendelea kuingia kwenye akaunti, ingawa mwenyewe hakuweza kuifikia. Nchi haikufilisika kwa hilo. Sharti lililoelezwa kuwa haliwezi kuguswa liliondolewa kwa uamuzi mmoja. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote katika kisa hiki, kwa sababu umetoka kwa serikali yenyewe.

Mwisho wa Februari 2022, siku chache baada ya Urusi kuvamia Ukraine nzima, Stanytsia Luhanska nayo ilitekwa. Daraja lililofunguliwa kwa sherehe sasa lina Urusi pande zote mbili. Mama wa Luhansk, kama bado yu hai, hana tena mahali pa kuvuka. Analipwa rubo, na wengi wa rika lake wamechukua pasi ya Urusi kwa sababu bila hiyo pensheni na matibabu huwa mtihani. Mwanzoni mwa 2025 Kyiv ilitoa kanuni mpya: raia aliye katika eneo lililokaliwa anayetaka pensheni ya Ukraine athibitishe kwamba halipwi na Urusi, na ahakikiwe kila mwaka. Njia ya video inaruhusiwa, na hayo ni maendeleo. Lakini mzee anayepiga simu ya video kwa ofisi ya Ukraine akiwa Luhansk anahatarisha uhuru wake, na aliyekubali rubo ili asife njaa amejifungia mlango wa kule anakodai haki yake.

Kwa wale walio upande wa serikali karibu na mapigano, kazi imebaki kwa posta. Ukrposhta inapeleka pensheni kijiji kwa kijiji kwa magari, maana huko hakuna benki iliyobaki na wengi hawana kadi. Siku ya gari la posta ni siku ya watu kuonana. Wazee hutoka kwenye mahandaki ya chini ya nyumba, hununua mkate na mishumaa kwenye gari hilo hilo, huulizana nani bado yupo. Septemba 9, 2025, katika kijiji cha Yarova mkoani Donetsk, karibu na mstari wa mapigano, bomu la ndege ya Urusi liliangukia watu waliokusanyika kupokea pensheni. Walikufa zaidi ya 20, karibu wote wastaafu.

Wazee wa Yarova hawakuhitaji cheti cha ukimbizi wala kibali cha kuvuka. Fedha zilikuwa zimeletwa hadi kijijini kwao, kwa jina la kila mmoja, tarehe iliyopangwa. Baada ya shambulio lile, posta ilianza kubadilisha namna inavyogawa pensheni karibu na mapigano, ili wazee wasikusanyike tena mahali pamoja kungoja gari.